Fundo la Bega: Chanzo cha Maumivu au Dalili Tu?

Hapa Dodoma, karani wa Mji wa Serikali Mtumba anayekodolea kompyuta kutwa, mama wa Bahi anayejitwisha ndoo ya lita 20, kibarua anayepogoa mizabibu Hombolo: bega likiwasumbua kwa miezi, wote huambiwa neno moja, kwamba kuna fundo na lichuliwe. Na ukibonyeza kati ya shingo na bega, kidole hukutana kweli na ukanda mgumu, huku maumivu yakipanda nyuma ya sikio hadi pembeni mwa jicho. Hilo halina ubishi. Ubishi ni kama fundo ndilo linaloleta maumivu.

Wanaosema ndiyo wanategemea kazi ya madaktari wawili wa Marekani, Janet Travell na David Simons, waliotoa mwongozo wao wa vifundo vya misuli mwaka 1983. Maelezo yao yanavutia kwa sababu yanaanzia kwenye jambo linalojulikana vizuri. Msuli hujikaza pale protini zake mbili, aktini na mayosini, zinapovutana. Watu wengi hudhani nishati inatumika katika kukaza tu, kumbe hata kuachia kunaitaka. Bila ATP, yaani kemikali inayobeba nishati ndani ya seli, mayosini haibanduki, na pampu zinazorudisha ghalani kalsiamu, ile inayoamsha mkazo, husimama. Ndiyo maana maiti hukakamaa. Nadharia inasema kwamba pale neva inapokutana na unyuzi wa msuli, asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kuuamuru msuli ujikaze, huvuja kupita kiasi. Kipande kidogo cha unyuzi hujikaza, hubana vimishipa vya damu, oksijeni hupungua, ATP haitoshi, na kipande kile kinashindwa kuachia. Asidi na kemikali kama bradikinini hurundikana, neva za maumivu huamka, na mzunguko unaanza upya.

Ushahidi upo. Mwaka 1993 watafiti Hubbard na Berkoff walichoma sindano za kupima umeme kwenye msuli wa bega, wakakuta umeme ukirindima ndani ya fundo ilhali nyuzi za jirani zimetulia. Mwaka 2005 mtafiti Shah na wenzake walivuta majimaji kwa sindano maalumu kutoka kwenye vifundo vinavyouma, wakakuta asidi na kemikali za maumivu zimezidi. Ila walipima watu 9 tu, na wanaonukuu utafiti huo kwa mbwembwe mara nyingi hawaitaji hesabu hiyo.

Wapinzani nao hawakuja mikono mitupu. Mwaka 1992 wabobezi walipewa wagonjwa na watu wenye afya njema wawapapase bila kujua nani ni nani. Mikanda iliyokaza ilipatikana karibu sawa kwa pande zote. Kama jirani yako asiyeumwa ana fundo kama lako, kulilaumu fundo kunahitaji tahadhari. Kuhusu umeme wa sindano, wanasema mrindimo wa namna hiyo husikika pia kwenye makutano ya kawaida ya neva na msuli. Hata maumivu kusafiri mbali si lazima yatokane na fundo: daktari Kellgren alishaonyesha mwaka 1938 kwamba ukichoma maji yenye chumvi nyingi kwenye msuli usio na tatizo, maumivu hutokea sehemu nyingine, kwa sababu neva za sehemu mbalimbali hukutana ndani ya uti wa mgongo. Kisha utafiti wa pili wa Shah, mwaka 2008, ukaleta jambo la ajabu. Wenye fundo linalouma begani walikuwa na kemikali hizo kwa wingi hata kwenye nyama ya mguu wa chini. Kwa hiyo tatizo halikuishia begani.

Kwa maoni yangu, kila upande una muda wake. Maumivu ya wiki chache baada ya msimu wa kulima kwa jembe, maelezo ya msuli yanatosha kuongoza tiba. Yakipita miezi 3, neva za uti wa mgongo na ubongo zinaweza kuwa nyepesi kushtuka. Mguso mdogo unasomwa kama jeraha. Hapo ndipo uchuaji wa nguvu unapoharibu. Mchuaji anaona mgonjwa bado analia, anaongeza kiwiko, na mfumo uliokwisha kuwa mwepesi unapata sababu nyingine ya kushtuka. Kuvilia damu si dalili kwamba fundo limevunjika. Ni vimishipa vilivyopasuka.

Anayetaka kujaribu aweke mpira mdogo kati ya bega na ukuta, aegemee hadi maumivu yafike 5 kati ya 10, yasizidi, akae sekunde 30 hadi 60 huku akipumua taratibu. Arudie mara 3, kisha azungushe bega polepole. Asibonyeze mbele ya shingo, kuna mishipa mikubwa ya damu. Asichue mguu mmoja uliovimba ghafla, huenda kuna damu iliyoganda ndani. Sindano za vifundo aachiwe aliyefunzwa: begani, ikizama sana hufika kwenye pafu.

Nafuu ya hapo huwa ya saa au siku chache. Kinachobaki ni kupunguza mzigo na kuujengea msuli uwezo: ndoo ya lita 10 kwa safari mbili, kubadilisha mkono wa mkasi, kusimama kila nusu saa ofisini, na mazoezi ya kunyanyua kitu chepesi mara 2 au 3 kwa wiki, uzito ukiongezwa kidogokidogo. Diklofenaki, dawa ya maumivu, ya kila siku kutoka duka la dawa si mpango. Tumbo na figo ndivyo vinavyolipa.

Na kuna mgongo usiostahili kuchuliwa kabisa. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda vinaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kwa wafugaji wetu wanaokunywa maziwa mabichi au kuzalisha mifugo kwa mikono mitupu, maumivu ya mgongo na viungo yakiambatana na homa inayokuja na kuondoka yanaweza kuwa brusela, na hiyo hupimwa kwa damu. Miguu kulegea au mkojo kutoka bila kujua ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.