Kabla ya kumlaumu mtunza majalada

Halmashauri ikitangaza kwamba vibali vya ujenzi na rejista ya mali vinahamia kwenye mfumo wa kompyuta, watu wa masjala, ofisi inayotunza majalada, ndio wa kwanza kunyooshewa kidole. Wanaambiwa wanang'ang'ania makaratasi kwa sababu makaratasi yanawalisha. Wapo wa namna hiyo. Lakini wengi wanaosema "twende taratibu" wanasema hivyo kwa kuwa wanajua yaliyomo ndani ya majalada, na wanajua pia yasiyokuwemo.

Upande wa mfumo una hoja nzito. Tangu GePG, mfumo wa kielektroniki wa malipo ya serikali ya Tanzania, ianze mwaka 2017, malipo ya serikali yanafanywa kwa kumbukumbu namba, benki au kwa simu, na risiti ya kitabu yenye nakala isiyofanana na halisi imekosa pa kusimama. Ombi la kibali likiwa ndani ya mfumo linaonekana limelala kwa nani: mipango miji, mpima ardhi, afisa afya, mhandisi au zimamoto. Zamani jalada lilikaa wiki tatu chini ya jingine, na kila ofisi ikaapa kwamba halijafika kwake. Kishoka aliyeishi kwa kujua jalada liko juu ya meza ya nani amepunguziwa kazi. Hayo hakuna mwenye nia njema anayetaka yarudi.

Sasa fungua jalada la kiwanja la zamani. Kulia kuna barua ya toleo inayompa mtu kiwanja, risiti za kodi ya ardhi, michoro iliyogongwa muhuri, kila karatasi na namba yake ya folio, yaani ya mfuatano ndani ya jalada. Kushoto kuna madokezo: afisa mmoja anamwandikia mwenzake kwa mkono. Hapo ndipo utakuta "mfereji wa maji ya mvua unapita nyuma, asogeze ukuta", au "jirani amelalamika, mpima arudi akaangalie bikoni", yaani alama ya mpaka wa kiwanja. Anayelipwa kwa kila ukurasa kuskani jalada hilo atachukua upande wa kulia, kwa sababu ndio nyaraka rasmi. Madokezo yamefifia, miandiko ni migumu, na kwenye fomu ya mfumo hakuna kisanduku chake. Miaka mitano baadaye mwombaji mpya anapewa kibali juu ya mfereji uleule, na mfumo unaonyesha kwamba hakuna pingamizi.

Michoro ina tatizo lake. Mchoro wa karatasi ya A1 una upana wa milimita 594 na urefu wa 841, na mashine nyingi za ofisini mwisho wake ni A3. Ama mchoro unaskaniwa vipande vinne na kuunganishwa vibaya, ama unapunguzwa uingie. Ukipunguzwa kutoka A1 hadi A3, kila kipimo cha urefu kinabaki nusu. Nafasi ya mita 3 kati ya ukuta na mpaka, ambayo kwa skeli ya 1:100 ni milimita 30, inasomeka milimita 15. Mkaguzi anayepima kwa rula kwenye karatasi iliyochapwa anaona mita 1.5 na kulikataa ombi halali. Mwingine aliyezoea kuona hivyo anazidisha kwa mbili hata pale mchoro ulipo sahihi, na kumpitisha aliyebana mpaka. Dawa yake ni kuweka mstari wa skeli, uliogawanywa kwa mita, ndani ya mchoro wenyewe, ili ukipungua upungue nao. Ni kazi ya dakika moja kwa msanifu, na ingefaa kila mfumo ukatae mchoro usio nao.

Lakini kinachowatia hofu zaidi watu wa masjala ni swali la nyumba ni ipi, na hapa wana ushahidi ambao kila mpangaji wa Dar es Salaam anaujua. Mwaka 2021 kodi ya majengo ilihamishiwa LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nyumba ya kawaida ilikatwa shilingi 1,000 kwa mwezi na ghorofa za mijini 5,000 kwa kila ghorofa. Mwaka 2023 viwango vikapanda hadi 1,500 na 7,500. Kwa ukusanyaji ni kazi safi: hakuna foleni, hakuna ankara ya kupeleka mlango kwa mlango, hakuna wa kusema hajaipata. Tatizo ni kwamba LUKU inaijua mita ya umeme, haiijui nyumba. Nyumba moja yenye mita tatu, kila mpangaji na yake, ikawa nyumba tatu: kwa viwango vya mwanzo, shilingi 36,000 kwa mwaka badala ya 12,000, mpaka mwenye nyumba aende TRA, mamlaka ya mapato, kueleza kwamba mita zote zimo chini ya paa moja. Nyumba mbili zinazochangia mita zikawa moja. Na kodi ambayo kisheria ni ya mwenye nyumba ikaanza kutoka mfukoni mwa aliyenunua umeme, ambaye aliambiwa akaelewane na mwenye nyumba wake. Kumwambia mwenye nyumba "nikate kwenye kodi ya pango" si jambo rahisi kwa mtu anayeomba kuongezewa mwezi mmoja.

Kilichotokea hapo hakikuwa hitilafu ya mtandao. Mfumo ulifanya hasa ulichoagizwa. Nyumba ilikuwa na namba ya kiwanja na kitalu kwa watu wa ardhi, namba ya mita kwa TANESCO, shirika la umeme, na tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 ina namba mlangoni. Namba zote hizo ni halali, ila hakuna aliyetumwa kusimama mbele ya nyumba na kuziandika pamoja kwenye mstari mmoja. Kwenye mitaa isiyopimwa hata hicho kiwanja na kitalu hakipo. Kuna leseni ya makazi, iliyoletwa na Sheria ya Ardhi ya 1999, au hakuna chochote. Fomu ya kibali inayolazimisha namba ya kiwanja inamwambia mtu huyo, bila kusema, ajenge kimyakimya.

Rejista ya mali za halmashauri inaumwa ugonjwa huohuo. Kuingiza gari, jenereta au kompyuta kwenye mfumo ni kazi ya siku. Eneo la shule lisilo na hati ni jambo jingine. Ukiandika "shule ya msingi, ekari 5, hali nzuri", kompyuta itakubali. Haitakwambia kwamba jirani alishajenga fremu upande wa barabara na kwamba bikoni moja haionekani. Yanayojua hayo ni jalada la zamani na mwenyekiti wa mtaa.

Wapo wanaojibu kwamba mfumo utazuia maghorofa yasianguke. Tarehe 29 Machi 2013 jengo lilianguka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, na kuua watu 36. Kwa taarifa za wakati ule, lilikuwa limepanda kuliko kibali kilivyoruhusu. Kibali kilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kusimama chini, kuhesabu ghorofa na kusimamisha kazi. Kibali cha kidijitali kisichokuwa na mkaguzi wa kwenda kuona msingi, nguzo na kila zege la sakafu kitakuwa karatasi ileile kwenye kioo.

Kwa hiyo mimi nawaunga mkono wanaotaka mtaa uhakikiwe kwanza, kabla ya majalada yake kuingia kwenye mfumo, mradi wasiugeuze kuwa mlango wa kuchelewesha. Zichukuliwe kata mbili. Mpima, mtendaji wa mtaa na mtunza kumbukumbu waende pamoja na simu yenye GPS, na kila nyumba iandikwe mstari mmoja: namba ya mlangoni, namba za mita zote, kiwanja na kitalu au leseni, na jina la mwenye nyumba, si la aliyekutwa barazani. Maeneo ya shule, zahanati na masoko yapimwe kwanza, kwa kuwa hayo hayana mwenye nyumba wa kuyapigania. Majalada yanayogusa mifereji na mabonde yaskaniwe pamoja na madokezo yake, hata kama kila dokezo litamchukua mtu dakika kumi kulisoma na kuliandika upya. Vibali vipya viingie kwenye mfumo tangu leo, na makaratasi ya nyuma yafuate kadiri kila mtaa unavyohakikiwa. Na mtunza majalada apewe akaunti yake ndani ya mfumo, yenye uwezo wa kuzuia ombi kwa siku 3 na kuandika sababu.