Mgonjwa Haandiki Cheti cha Dawa

Wiki iliyopita nilipokea, kutoka kwa kikosi kazi kimoja cha watunga viwango vya intaneti, wito wa kutoa maoni juu ya rasimu ya kiwango cha kiufundi kinachoeleza jinsi programu itakavyomkumbuka mtumiaji aliyekwisha kujithibitisha mara moja, ili asilazimike kuandika nenosiri kila anaporudi. Rasimu ina kurasa 94, muda uliotolewa ni wiki mbili, na sentensi ya mwisho ya wito huo inasema kwamba maoni ya kila mtu yanakaribishwa. Ni maneno hayo mawili, "kila mtu", yaliyonikera, kwa sababu hii ni rasimu ya pili, na ile ya kwanza niliitolea maoni, nami ninajua yaliyoyapata.

Maoni yangu ya mara ile hayakuwa ya kihandisi. Shangazi yangu anatumia simu moja pamoja na wanawe wawili, kama wanavyofanya watu wengi sana duniani ambao kwao simu ni mali ya nyumba wala si ya mtu. Siku moja kijana wake mdogo alifungua ukurasa wa kituo cha afya akitafuta jambo lake mwenyewe, akakuta majibu ya vipimo vya mama yake yamekaa wazi mbele yake, kwa kuwa ukurasa ulikuwa ukimkumbuka mama vilevile ulivyofundishwa kumkumbuka. Shangazi alinisimulia haya kwa sauti ya chini, huku akiigeuzageuza simu kiganjani kana kwamba ndiyo iliyomsengenya. "Mwanangu," aliniuliza, "mbona haikuuliza kwanza ni nani anayesoma?"

Rasimu nzima ilikuwa imejengwa juu ya dhana kwamba kifaa kimoja kina mtu mmoja. Nikaandika aya tatu, nikaeleza kisa hicho bila kumtaja mtu, nikauliza kama waandishi walikuwa wamekifikiria. Baada ya siku tano nilipata jibu la mstari mmoja: nilishukuriwa kwa mchango wangu, nikaombwa nipendekeze maneno mbadala, nikionyesha sehemu na aya yanakopaswa kuingizwa.

Yeyote aliyewahi kuifuatilia kazi hii analijua jibu hilo, na lazima nikiri kwamba katika desturi za wenyewe si tusi. Mhandisi anayeambiwa alete maneno mbadala anachukuliwa kuwa mtu makini, na wahariri wa rasimu wengi hufanya kazi hiyo juu ya ajira zao nyingine, hivyo wamechoka na watu wanaolalamika bila kupendekeza lolote. Ninaelewa. Lakini mgonjwa akifika kwa daktari akasema tumbo linamkata upande wa kulia, haambiwi arudi nyumbani akaandike cheti cha dawa, akitaja kipimo na idadi ya siku, ndipo maumivu yake yazingatiwe. Alicholeta ni dalili, na kazi ya kuigeuza dalili kuwa tiba ni ya yule aliyesomea. Shangazi yangu alileta dalili. Hakuna mhandisi hata mmoja katika kile kikosi kazi ambaye angeweza kuigundua kwa kuketi mbele ya simu yake mwenyewe, aliyoinunua yeye na anayoifungua yeye peke yake kwa alama ya kidole chake. Adhabu ya kaburi aijua maiti, na utaratibu unaomtaka maiti awasilishe kwanza mchoro wa kaburi hautajua kamwe yaliyomo ndani.

Ajabu ni kwamba utamaduni huu ulianza kwa unyenyekevu. Hati ya kwanza kabisa katika mfululizo wa RFC (Request for Comments), ambamo viwango vya intaneti huchapishwa, iliandikwa na Steve Crocker mwezi Aprili 1969, wakati mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti, ulikuwa bado haujaunganisha hata kompyuta mbili. Yeye na wenzake walikuwa wanafunzi vijana waliohofia kuonekana wanatoa amri ambazo hawakupewa mamlaka ya kuzitoa, ndiyo sababu wakazipa hati zao jina la upole: Ombi la Maoni. Jina hilo limedumu kwa zaidi ya nusu karne, lakini maana yake imegeuka juu chini. Leo hati ikishapewa namba ya RFC yaliyomo hayabadilishwi tena. Kosa likionekana linaandikwa kando katika orodha ya masahihisho, na kama ni kubwa, inatungwa hati nyingine ya kuifuta ile ya kwanza. Maana yake ni kwamba Ombi la Maoni ndiyo hati pekee katika safari nzima ambayo maoni hayawezi kuigusa, na mwenye neno anatakiwa alitoe katika hatua ya rasimu, ambazo nazo huisha muda wake kila baada ya miezi sita zisipohuishwa.

Anayedhani kwamba kuwahi au kuchelewa ni jambo dogo amtazame mwenyeji mmoja aliyemo katika kila kivinjari. Hati ya RFC 1945 ya mwaka 1996, iliyoeleza HTTP 1.0, itifaki ambayo kivinjari huitumia kuomba kurasa, ina kichwa cha ombi kinachoitwa Referer, kinachoiambia seva msomaji ametokea ukurasa upi, na neno hilo limekosewa tahajia, kwa kuwa linadaiwa herufi r moja. Kosa lilipogutukiwa lilikuwa limekwisha kuota mizizi katika seva na vivinjari, na kulirekebisha kungevunja mengi kuliko kuliacha, kwa hiyo likaachwa. Baadaye ilitungwa kanuni nyingine ya kudhibiti taarifa hizohizo, nayo ikaandikwa kwa tahajia sahihi, kwa hiyo msanidi programu wa leo analazimika kukariri kwamba neno moja lina herufi pungufu hapa na herufi kamili pale. Hiyo ni herufi tu. Dhana kuhusu mwenye simu ni nani hukaa kwa namna hiyohiyo, ila yenyewe haichekeshi.

Nitakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba milango ya IETF, jumuiya inayotunga viwango vya intaneti, iko wazi kuliko milango mingi. Hakuna uanachama, hakuna ada ya kujiunga na majadiliano ya kikosi kazi, rasimu zinasomwa bure, na wala hawapigi kura. Badala ya kura, kwa desturi yao mwenyekiti huuliza swali, na wanaokubali huguna midomo ikiwa imefumbwa, naye akasikiliza mguno wa upande upi ni mzito. (Katika lugha yetu anayeguna ni mtu asiyeridhika, kwao mguno ndiyo ridhaa. Nimeshindwa kuamua kama hilo ni jambo la kuchekesha au la kusikitisha.) W3C nayo, shirika la viwango vya wavuti, kwa kanuni zake inavitaka vikundi vyake vionyeshe kwamba hoja zilizoletwa zimeshughulikiwa kabla rasimu haijasonga mbele, na hilo ni jema. Vilevile sitaki shangazi yangu abuni hesabu za usimbaji fiche, na yeye mwenyewe hataki.

Hata hivyo, mlango wazi haumsaidii asiyejua kwamba nyumba ipo. Mwezi Septemba 2016, itifaki ya TLS 1.3, inayosimba mawasiliano ya intaneti yasisomwe njiani, ikiwa imekwisha kufanyiwa kazi kwa miaka kadhaa, wawakilishi wa sekta ya fedha waliliandikia kundi lililoitunga wakiomba njia ya zamani ya kubadilishana funguo kwa RSA isiondolewe, kwa kuwa taasisi zao ziliitegemea kukagua mawasiliano ndani ya mitandao yao wenyewe. Walikataliwa, na wakati wa mabadiliko ya namna hiyo ulikuwa umekwisha kupita. Itifaki ikapitia rasimu 28 na kutangazwa mwezi Agosti 2018 bila njia hiyo. Binafsi ninaamini walistahili kukataliwa, kwa sababu walichokitaka kingedhoofisha usalama wa watu wengine wote. Lakini lifikirie jambo lenyewe kwa utulivu: hawa ni watu wenye idara za uhandisi na wanasheria wa kudumu, ambao kazi yao nzima inategemea itifaki hiyo, na hata wao walifika karamuni vyombo vikiwa vinaoshwa. Kama benki hazikujua kwamba zimealikwa, ni kwa njia gani hasa mama mwenye simu ya kuchangia angejua? Ile sentensi ya "kila mtu" imeandikwa kwa ajili yake yeye, na ndiye mtu pekee ambaye haitamfikia kamwe.

Kuna wanaosema kwamba watu wa kawaida hawana subira ya kusoma. Haya, tuwaache watu wa kawaida, tuwatazame wataalamu. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Microsoft, Dan Shumow na Niels Ferguson, walisimama mbele ya wanausimbaji wenzao wakaonyesha kwamba kizalishi cha namba nasibu (zile namba zisizotabirika ambazo funguo za siri hutengenezwa nazo) kiitwacho Dual_EC_DRBG, kilichokuwamo katika mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, kingeweza kuwa na mlango wa siri kwa yeyote aliyechagua namba zake za msingi. Walieleza kwa hesabu. Kizalishi kiliendelea kukaa ndani ya mwongozo. Ilipofika mwaka 2013, baada ya siri za ujasusi wa Marekani alizozitoa Edward Snowden kuchapishwa, ndipo taasisi hiyo ilipoufungua upya mwongozo ili upokee maoni ya umma, na mwaka 2014 ikakiondoa. Kati ya onyo na kuondolewa kuna miaka saba. Siwezi kusema walikosa maneno mbadala.

Narudi kwenye ile rasimu ya kwanza, maana nilikubali changamoto ya kuleta maneno mbadala. Nilikaa usiku tatu nikiisoma, na katika sehemu ya tano nikaikuta sentensi niliyokuwa nikiitafuta, ambayo kwa Kiswahili ingesomeka hivi: programu inafaa kumpa mtumiaji njia iliyo wazi ya kumaliza kikao chake, yaani kutoka ili isimkumbuke tena. Neno "inafaa" katika hati hizi si neno la kupuuzwa. Tangu RFC 2119 ya mwaka 1997, "lazima" ina maana kwamba asiyetekeleza amekiuka kiwango, "inafaa" ina maana kwamba anaruhusiwa kuacha akiwa na sababu nzuri, na "inaweza" ina maana afanye apendavyo. Usalama wa shangazi yangu ulikuwa umewekwa katika neno la kati, lile linalomwachia mwenye programu ajitafutie sababu, naye hajawahi kukosa sababu. Nikapendekeza neno moja liondolewe na "lazima" liwekwe mahali pake, nikaongeza sentensi moja inayotaja kifaa kinachotumiwa na watu zaidi ya mmoja. Nilitaja sehemu, nilitaja aya, nilifuata adabu zote za wenye nyumba.

Nilijibiwa kwamba pendekezo limepokelewa. Katika rasimu ya pili sentensi hiyo ingali inasema "inafaa". Nililinganisha matoleo mawili mstari kwa mstari, nikakuta kwamba aya ile imebadilishwa kitu kimoja tu: wameongeza mkato baada ya neno la tatu. Naupongeza mkato huo, kwa kweli umeketi vizuri. Sababu ya kulikataa neno langu haikuandikwa popote, na hapo ndipo hasira yangu ilipo hasa. Kukataliwa ninakuweza. Huenda upo ugumu wa kiufundi ambao siujui, huenda "lazima" ingevunja vifaa visivyo na kioo, kama kengele ya mlangoni au taa, na mtu akiniambia hivyo kwa sentensi mbili nitakaa chini nitafakari. Lakini kukaribishwa, kushukuriwa, kisha kuachwa barazani bila kuambiwa hapana, ni adabu ya ajabu kwa watu wanaojivunia kwamba kila kitu chao kiko hadharani.

Tena wenyewe wameyasema haya, wala hawahitaji mimi niwafundishe. Mwezi Agosti 2020 bodi ya usanifu wa intaneti, IAB, ilitoa RFC 8890, ambayo inatamka bayana kwamba intaneti ni ya watumiaji, na kwamba masilahi yao yakigongana na ya wengine, ya watumiaji ndiyo yatangulie. Ni hati fupi, imeandikwa kwa lugha ambayo mtu yeyote anaweza kuielewa, nami naipenda. Ninachoomba ni kwamba kikosi kazi kinachotoa wito kiisome, kisha kiweke mbele ya zile kurasa 94 ukurasa mmoja wa lugha ya kawaida, unaosema ni nini kitakachobadilika katika maisha ya mtu, ni yapi yamekwisha amuliwa na ni yapi bado yako wazi, na kwamba simulizi la yaliyompata mtu litapokelewa kama simulizi, na mhariri ndiye atakayelitafutia aya yake. Waandishi wa mifumo wamekwisha kuzoea kupokea taarifa za hitilafu kutoka kwa watu wasiojua kusoma hata mstari mmoja wa msimbo; programu ikifa, inatosha mtu aseme ilikufa akifanya nini.

Jumamosi nilikwenda kwa shangazi nikamweleza kwamba wameuliza tena. Alitaka kujua kama ni walewale. Nikamwambia ni walewale. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi andika, mimi nitasema." Alisimulia kwa dakika kumi hivi, akarudi nyuma mara mbili kusahihisha mambo niliyokuwa nimeyasikia vibaya, na mojawapo sikuwa nimelijua kabisa: tangu siku ile amekuwa akiufungua ukurasa wa kituo cha afya usiku tu, wanawe wakiwa wamelala, na akimaliza anaizima simu kabisa akidhani kwamba kuizima ndiko kutoka. Nimeyatafsiri maneno yake kwa Kiingereza bila kuyapangia sehemu wala aya, nikayatuma kama alivyoyasema. Zimebaki siku tisa kabla ya wito kufungwa.