Trekta kuukuu la kuvuta trela: dogo zima au kubwa lililochoka?

Ukikaa na wachukuzi wa mawe na mchanga wa ujenzi upande wa Njiru na Ruai, mashariki ya Nairobi, hutakosa kuusikia ubishi huu. Mtu ana trela lake la tani tano au sita, hela zenyewe hazijajaa mkono, anatafuta trekta la mtumba la kulivuta. Wa kwanza atamwambia achukue Massey Ferguson (MF) 135 au 240: bei inashikika, dizeli inakwenda kidogo, na spea zimejaa Barabara ya Kirinyaga. Wa pili atamwambia heri avumilie mashine iliyochoka zaidi, mradi iwe kubwa: MF 290, Ford 5000, Ford 6600. Wote wana hoja. Tatizo ni kwamba wote wawili huhesabu nguvu farasi za injini, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotezwa.

Chukua trela ambalo likishajazwa mawe lina tani 8 kwa jumla. Kwenye lami tambarare, kulivuta kunadai nguvu ndogo, kama asilimia 2 au 3 ya uzito huo, yaani kilo 200 hivi. Hata trekta dogo litaenda nalo. Sasa lipeleke kwenye kilima kinachopanda mita 8 kwa kila mita 100. Hapo zinaongezeka kilo 640 zinazovuta kurudi nyuma, na trekta nalo lina kazi ya kujipandisha lenyewe. Jumla inakaribia tani moja ya mvuto. Injini ya MF 135, Perkins ya silinda tatu, lita 2.5, nguvu farasi kama 45, inaweza kuutoa mvuto huo kwa gia ya chini, ikitambaa kilomita 7 au 8 kwa saa. Kinachoshindwa ni matairi. Trekta lenyewe lina takriban tani moja na nusu, na kama tani moja tu ndiyo inayokalia matairi ya nyuma. Lami kavu huwezesha matairi kuvuta asilimia 60 hadi 70 ya uzito unaoyakalia. Hata ukiongeza uzito unaohamia nyuma trekta linapovuta, hufikii kilo 900. Matairi yatazunguka pale pale, na kwenye udongo uliolowa hali ni mbaya maradufu.

Wapo watakaosema trela la ekseli moja hutua sehemu ya mzigo wake juu ya trekta, kwa hiyo matairi ya nyuma hupata uzito zaidi. Ni kweli, na ndiyo maana matrela mengi ya shambani yameundwa hivyo. Lakini uzito unaolalia nyuma huinua mbele. MF 135 ina takriban nusu tani mbele. Ukiweka tani moja juu ya chuma cha kufungia trela halafu upande kilima, usukani unaacha kutii. Na usikubali kabisa fundi akufungie trela juu, usawa wa ekseli ya nyuma au zaidi, eti ndipo matairi yashike vizuri. Trekta lililofungwa mzigo juu linaweza kujipindua kinyumenyume kabla dereva hajafika kwenye klachi.

MF 290 ina zaidi ya tani mbili na nusu, na matairi yake ya nyuma yanaweza kujazwa maji, lita 200 na zaidi kila moja. Kila lita ni kilo. Uzito huo unapatikana kwa bei ya maji na kazi ya fundi wa tairi, na kwa kazi ya trela una faida kuliko nguvu farasi 10 za ziada.

Nguvu farasi zenyewe, tena, hazifiki zote huku kwetu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Injini ya dizeli isiyo na tabo (turbo, ya kusukuma hewa ndani) hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Injini iliyoandikwa 45 inabaki na 37 hivi, na hiyo ni ikiwa pistoni na nozeli ni nzima. Kwa mashine ya miaka 40, ondoa kidogo tena.

Lakini yote hayo ni ya kupanda. Ningependa mnunuzi atumie muda wake mwingi kwenye kushuka, maana kushindwa kupanda kunakuchelewesha, na kushindwa kusimama kunaua watu. Vitabu vingi vya watengenezaji vinasema trela lisilo na breki lisizidi mara moja na nusu ya uzito wa trekta linalolivuta. Kwa MF 135 hiyo ni tani mbili na robo, mzigo na trela pamoja. Kwa MF 290 ni kama tani nne. Tani 8 hazipo hapo, kwa trekta lolote kati ya hayo. Kwa hiyo trela la mawe lazima liwe na breki zake, na trekta liwe na njia ya kuzikanyaga, na ni matrela machache ya mtumba ninayoyaona yakiuzwa na breki zinazofanya kazi. Muuzaji atakuambia breki za trekta zinatosha. Mwombe alishushe likiwa na mzigo.

Hapa yale makubwa ya zamani yana sifa ambayo haitajwi sana. Ford 5000, iliyotengenezwa kuanzia 1965 hadi 1975, ina breki za diski zinazofanya kazi ndani ya mafuta. MF 375 na 385 vilevile. Breki za namna hiyo hazijali vumbi wala matope na hudumu. MF 135 hutumia ngoma kavu, na sili ya ekseli ikianza kuvuja, mafuta hufika kwenye viatu vya breki, upande mmoja unashika na mwingine unateleza. Ukiwa na trela nyuma, hiyo ndiyo namna trekta linavyokunjwa na mzigo wake. Angalia pia kile kikomeo kinachounganisha pedali mbili za breki. Shambani dereva hukitenganisha ili ageuze kwa breki ya upande mmoja. Barabarani ni lazima kifungwe, na kwenye mashine nyingi kuukuu kimepotea zamani.

Hoja ya trekta dogo ina nguvu mahali fulani, na Nairobi yenyewe inasaidia kuamua. Mashariki ya jiji, kuanzia Embakasi hadi Utawala, Ruai, Kamulu na Joska, ardhi ni tambarare na udongo ni mweusi wa kunata. Mvua za Machi hadi Mei zikinyesha, lori linazama kwenye barabara za ndani, na trekta linapita. Mtu wa huko anayezunguka kilomita chache na mzigo mdogo hana sababu ya kulisha mashine ya nguvu farasi 80. Magharibi ni habari nyingine: Ruaka, Banana, Wangige, Kikuyu, ni mgongo na bonde, mgongo na bonde. Huko trekta dogo lenye trela la mawe ni hatari kwa kila anayetembea kando ya barabara. Na kama safari zako ni za lami ndefu, kutoa mawe Ndarugo kuleta mjini, acha trekta kabisa. Kilomita 25 au 30 kwa saa kwenye barabara kuu itakumalizia siku, matairi na subira ya wenye magari. Lori kuukuu lenye breki za upepo litakufaa zaidi, hata kwa bei ya juu.

Kwenye spea, upande wa kwanza unashinda, ingawa si kwa tofauti wanayoidai. Perkins za silinda nne zilizo kwenye MF 290 na 375 nazo zimeenea, na familia hizi za Massey zimeendelea kutengenezwa Pakistan na Millat na India na TAFE, kwa hiyo vipuri vipya havijakauka. Ford inahitaji kutafuta zaidi. Ningekuwa mwangalifu na zile za kuvuta kwa magurudumu manne: ekseli ya mbele ikifa, gharama yake inaweza kukaribia bei ya trekta dogo zima.

Kuhusu kukagua, rangi mpya isikushughulishe na saa za mita usiziamini. Trekta halina fremu kama lori. Injini, giaboksi na difu (gia za ekseli ya nyuma) zimefungwa zenyewe kwa zenyewe, na mvuto wote wa trela hupita kwenye bolti hizo. Piga magoti, pangusa maungio kati ya injini na giaboksi kwa kitambaa, utafute mafuta mabichi, ufa au alama ya kuchomelewa. Kisha tazama tundu la pini ya kufungia trela. Trekta lililotoka kwenye ngano ya Narok kwa kawaida tundu lake bado ni duara. Lililovuta miwa kwa miaka mingi Kakamega au Bungoma, tundu limelika na kuwa la mviringo mrefu kama yai, na kilichofanyika kwa chuma hicho kimefanyika pia kwenye meno ya gia na klachi ambavyo huvioni. Kubadilisha klachi ni kulikata trekta katikati, kwa hiyo ijaribu: trela limejaa, kilimani, simama, ondoka tena. Lifikie likiwa baridi pia, uone linavyowaka na moshi wa rangi gani. Samawati usiokoma baada ya injini kupata moto maana yake inakula oili.

Makaratasi hayana mjadala. Namba ya trekta huanza na KT na ya trela huanza na Z, na kila moja ina logibuku yake. Muuzaji ambaye jina lake haliko kwenye rekodi ya NTSA, mamlaka inayosajili magari,, usimpe hata arubuni.

Uamuzi wangu ni kwamba kwa trela linalozidi tani nne na lenye breki zake, kubwa lililochoka lakini lenye difu na breki nzima ni bora kuliko dogo linalong'aa, hata kama injini yake inadai kufunguliwa. Injini hutengenezeka Industrial Area au kwa mafundi wa Kariobangi, uzito hautengenezeki. Asiye na hela za kubwa anunue dogo na apunguze trela. Tangi la lita 1,500 za maji pamoja na trela lake linaweza kubaki ndani ya ile tani mbili na robo, na kuanzia Utawala hadi Joska wanunuzi wa maji wapo mwaka mzima.