Nimelipia Faragha, Nikapewa Mombasa Nzima

Mtu aliyezaliwa kisiwani hapaswi kutozwa fedha ili atembezwe kandokando ya kisiwa chake mwenyewe. Hiyo ndiyo hoja niliyoiweka mezani tangu mke wangu aliponionyesha kwenye simu picha za mwenzake wa kazini, aliyeketi juu ya mito ya rangi ndani ya boti ya kukodi huku jua la Mombasa likizama nyuma ya bega lake, na pembeni yake mumewe ametoa tabasamu la mtu asiyedaiwa na yeyote. Nilimweleza kwa utulivu kwamba mimi huvuka bahari kila siku ya kazi kwa feri ya Likoni, ambayo haimtozi mwenda kwa miguu hata senti moja. Kwamba nikiwa juu ya feri hiyo naiona bandari ya Kilindini, naziona meli za makontena zikiingia kwa maringo, na hata hilo jua lao linalozama naliona pia, ilimradi aliyesimama mbele yangu hakujitwika godoro. Akanijibu kwamba kivuko kile huvusha watu 300,000 kwa siku, na kwamba yeye anachotaka ni faragha.

Hesabu hiyo hakuizua, maana ndiyo inayotajwa kila panapozungumzwa habari za Likoni. Nilimkumbusha tu kwamba watu hao hawapandi wote kwa mkupuo mmoja, ingawa zipo asubuhi ambazo ningeapa mahakamani kwamba wamepanda. Hakucheka. Mke wangu akishalitaja jambo mbele ya mama yake mzazi, jambo hilo huwa limekwisha kupitishwa, na mimi hubakiwa na kazi ya kulitafutia fedha.

Wenye vyombo vya matembezi wana bei mbili. Ya kwanza ni ya kuchangia boti na watu msiojuana, nayo inavumilika. Ya pili ni ya kukodi boti nzima muwe peke yenu, na hiyo hutajwa kwa sauti ya chini, kama daktari anavyotaja ugonjwa. Nilimwuliza kijana aliyenipigia simu kama ingewezekana kununua faragha ya nusu njia, tuwe peke yetu mpaka Daraja la Nyali, kisha awapakie wengine. Akaniambia kwamba mfumo hauruhusu. Kila ninapotaka kuokoa shilingi katika nchi hii, hukuta mfumo umenitangulia. Kisha akataka nusu ya malipo kwa simu papo hapo, na nusu iliyobaki kabla ya kamba kufunguliwa, nami nikajiuliza ni mteja wa namna gani ambaye angeteremka katikati ya bahari ili akwepe deni.

Siku ilipofika, faragha ilianza kuongezeka watu. Mama mkwe hawezi kuachwa nyumbani peke yake siku ya furaha ya binti yake. Wajukuu nao hawawezi kuachwa ikiwa bibi yao hayupo. Jirani yetu ndiye aliyemwazima mke wangu dera la kupigia picha, na isingekuwa adabu dera liende baharini huku mwenyewe ameachwa nyuma. Shemeji yangu alikuwa amerudi likizo kutoka Muscat, Oman, akaona ni wajibu wake kuja kulinganisha. Upande wa chombo walikuwapo nahodha, baharia wake, kijana wa spika ya muziki, na bwana mwingine aliyeketi karibu na mashine tangu tulipoondoka hadi tuliporudi, ambaye kazi yake sijaifahamu mpaka leo, ingawa kwenye vitafunio hakuwa mvivu.

Lakini kabla ya vitafunio ni lazima nizungumze habari ya maji, kwa sababu hapo ndipo ninapodai haki yangu. Mwezi angani ulikuwa wa siku 15. Kila mtoto wa pwani anajua kwamba mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na hutoka sana, na hapa Mombasa tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Siku hizo bahari hujaa alasiri, na magharibi ikiingia maji huwa yanatoka mbio. Nilimwambia nahodha, kwa adabu zote, kwamba tukiondoka saa kumi na moja tutaingia mkono wa bahari wa Tudor maji yakitoka, na kwamba bamvua haimsubiri mtu apige picha. Akanitazama, akavitazama viatu vyangu vya ngozi, akasema, “Mzee wangu, wewe kaa ustarehe. Bahari hii tunalala nayo, tunaamka nayo.” Tukagawiwa jaketi za kujiokolea, langu likiwa na kifungo kimoja kati ya vitatu na harufu ya wateja wote walionitangulia. Mke wangu alilivua lake mara moja kwa sababu lilikuwa linalificha dera.

Tulianza kwa kuteremka kuelekea mlango wa bahari, chini ya ngome ya Fort Jesus, ambako upepo wa kusi wa mwezi wa nane ulitupokea kwa mawimbi mafupi mafupi ya kumwaga sharubati. Bei niliyolipa ilikuwa pamoja na maelezo ya historia, na maelezo yenyewe yakatolewa na kijana wa spika, ambaye alipunguza taarabu akatutangazia kwamba ngome ile ilijengwa na Vasco da Gama. Mimi ni mtu wa amani, ila nilikuwa nimelipa. Nikamweleza kwamba da Gama alipita hapa mwaka 1498 na akafariki mwaka 1524, ilhali Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Kwa hiyo kama da Gama ndiye fundi, basi aliianza kazi akiwa amekaa kaburini karibu miaka 70. Kijana akafikiri kidogo, akasema, “Labda ni mwanawe.” Mama mkwe akasema hilo linawezekana.

Nikajaribu kuwapa historia ya kweli, kwamba katika maji yaleyale tuliyokuwa tukiyumba juu yake ndimo ilimozama merikebu ya Kireno, Santo António de Tanna, mwaka 1697, ilipokuja kuwasaidia Wareno waliozingirwa na Waomani ndani ya ngome kuanzia mwaka 1696 hadi 1698. Shemeji aliposikia Oman imetajwa, akanyoosha simu na kuirekodi ngome upya, safari hii kwa uso wa mwenye mali, ilhali yeye ni mtu wa Majengo na kule Muscat anauza vipuri.

Tukageuza, tukapita mbele ya Mji wa Kale, na hapa ndipo nilipoitambua kasoro kubwa ya biashara hii. Boti ya kukodi huuzwa kwa ahadi kwamba mtakuwa peke yenu, lakini hakuna anayekutajia kwamba njia yake inapita mbele ya macho ya watu wote mnaofahamiana. Mtu akitaka kujificha Mombasa na apite vichochoroni, ambako nyumba zimeinamiana hata jua lenyewe huingia kwa kuomba njia. Baharini hakuna kichochoro. Kwenye ukuta wa pwani watoto wa mtaani kwetu walikuwa wakijirusha majini kichwa chini; walipoiona boti yenye mito na muziki wakapunga mikono na kupiga kelele, “Jambo! Jambo!”, salamu ambayo hapa kwetu hupewa wageni, si wenyeji. Mmoja wao akakaza macho, akanyamaza, kisha akapaza sauti iliyosikika hadi Kisauni: “Aa! Si Baba Zuhura huyo!”

Jina hilo likapita kutoka kwa watoto hadi kwa wavuvi wa mshipi, na kutoka kwa wavuvi hadi kwa wanywa kahawa, likamfikia mtu ambaye nilikuwa namwomba Mungu awe msikitini wakati ule. Mwenye duka la mtaani kwetu alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, kikombe kidogo cha kahawa chungu mkononi. Asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa nimemweleza, kwa maneno yaliyomgusa, jinsi mwezi ulivyonibana, naye akaandika unga na mafuta kwenye daftari bila kuniuliza swali. Sasa tulikuwa tunatazamana, mimi nimeegemea mto wa zambarau, bilauri ya sharubati ya ukwaju mkononi, na ndani ya bilauri kimechomekwa kimwavuli cha karatasi. Hakupiga kelele. Alikiinua tu kikombe chake, kunipongeza. Nikajisogeza nyuma ya mwavuli wa mama mkwe, na wakati huohuo nahodha, kwa moyo wake wa kumridhisha mteja, akapunguza mashine na kukisogeza chombo karibu kabisa na ukuta, akisema kwamba pale ndipo picha hutoka vizuri.

“Baba Zuhura,” mke wangu akaniita mbele ya umma wote ule, “toka huko nyuma ya mama, unaharibu picha.”

Kuhusu Daraja la Nyali sina mengi. Lilifunguliwa mwaka 1980 badala ya daraja la kuelea lililojengwa mwaka 1931, na mimi hulipita nikiwa nimebanwa ndani ya matatu isiyosogea kila ninapokwenda Kisauni kwa ndugu zangu. Kulipita kwa chini kulinipa dakika moja ya furaha ya kweli, nikizisikiliza honi juu ya kichwa changu, mpaka nilipokumbuka kwamba wale walioko juu wamelipa nauli tu. Hapo ndipo vitafunio vikaletwa. Tangazo lilikuwa limeahidi vyakula vya asili vya mwambao, na kweli vilikuwa viazi karai. Nilipouonja ule ukwaju wenye pilipili nikajua hata karai lenyewe ni lipi, maana ndilo hilohilo ambalo mimi hununulia viazi kila magharibi kwa sarafu za mfukoni. Tofauti ilikuwa kwamba kila kipande kilichomwa kijiti na kuwekewa jani la kotmiri, na kwa kijiti hicho na jani hilo nilikuwa nimelipa mara kumi.

Ukishalipita daraja, mkono wa bahari wa Tudor hupanuka na majumba huiachia mikoko nafasi, na hapo sitamdhulumu mtu, pazuri. Mke wangu akataka yangeyange waliotua juu ya miti waingie kwenye picha pamoja naye. Nahodha akasogea. Shemeji akasema kule Muscat ndege huonekana kwa karibu zaidi. Nahodha akasogea tena. Nikasema maji yanatoka. Hakuna aliyenijibu isipokuwa chombo chenyewe, ambacho kilitoa mkwaruzo mrefu, laini, kikasimama.

Ukikwama maji yakijaa unangoja kidogo, yanakuinua yenyewe. Lakini ukikwama bamvua inatoka, una dakika chache za kuteremka na kusukuma, la sivyo utakaa juu ya tope mpaka maji yarudi usiku wa manane. Nahodha alilijua hilo, kwa maana uso ulimbadilika kabla hajazima mashine. “Wanaume tuteremke,” akasema. Nikatazama huku na huku kuwatafuta wanaume wanaosemwa. Shemeji alikuwa anarekodi. Yule bwana wa kazi isiyofahamika alikuwa na kiazi mdomoni. Basi mimi, mteja, niliyelipa bei ile ya sauti ya chini, nikavua viatu vya ngozi, nikakunja suruali, nikazama magotini katika tope la mikoko, lenye harufu yake ya asili pamoja na ile ambayo jiji huiongezea kwa majitaka yake, nikaungana na baharia na kijana wa spika kuisukuma boti ambayo ndani yake mama mkwe alikuwa ameketi akinihimiza, “Sukuma, mwanangu, Mungu atakulipa.” Nikasema kimoyomoyo kwamba aliyelipa mpaka sasa ni mimi.

Tulirudi gizani. Ngazi ambazo alasiri tulizitumia bila kulowa unyayo sasa zilikuwa zimepanda juu ya vichwa vyetu, vidato vyake vya chini vimejaa mwani unaoteleza na chaza wanaokata, na mama mkwe akapandishwa kwa juhudi za pamoja ambazo adabu hainiruhusu kuzisimulia. Nilipokwisha kumfikisha juu, nahodha akanipigia hesabu ya nyongeza kwa kuwa tulikuwa tumepitisha muda. Nikamwuliza kama na ule muda wa kusukuma unahesabiwa. “Mzee wangu,” akanijibu kwa mshangao wa kweli, “kwani wakati ule boti ilikuwa ya nani?”

Asubuhi yake nilikwenda dukani nikiwa nimekwisha kuyapanga maneno yangu, na nilikuwa nimeazimia kuanza na shemeji, ambaye kwa kuwa anaishi Ughaibuni angeweza kuaminika kwamba ndiye aliyetualika. Sikupata nafasi. Mwenye duka alinipokea vizuri kuliko siku zote, akaniuliza hali ya bahari, akaniuliza kama mama mkwe amepumzika, akapima unga wangu, akaufunga kwa utaratibu. Kisha, daftari likiwa wazi mbele yake na kalamu juu ya sikio, akauliza kwa upole mkubwa, “Ati Baba Zuhura, hao wenye maboti nao wanaandika, au kwao ni taslimu?” Waliokuwa wakisubiri mkate wakageuka ili wasikie jibu. Nikatoa noti ya shilingi 1,000. Akaipokea kwa mikono miwili, akaitia kwenye droo, na chenji yangu akaikata kwenye deni.