Koo Likiuma, Tabia Ikigeuka: Je, Ni PANDAS?
Mwaka 1998 daktari Susan Swedo na wenzake wa Marekani walieleza habari za watoto 50 ambao, baada ya kuambukizwa streptokoka ya kundi A (bakteria wanaoumiza koo), walianza ghafla kuwa na mawazo sugu, matendo ya kujirudia na tiki (misukosuko ya ghafla ya viungo au sauti isiyozuilika), au walizidiwa nayo. Hali hiyo waliiita PANDAS, kifupi cha Kiingereza cha matatizo ya akili na neva ya watoto yanayotokana na kinga ya mwili kujishambulia baada ya streptokoka. Tangu hapo madaktari wamegawanyika.

Wanaoikubali wana pa kushika. Korea ya Sydenham, ugonjwa wa viungo kuchezacheza bila hiari unaotokana na homa ya baridi yabisi baada ya streptokoka, haina ubishi: kingamwili zilizotengenezwa kupambana na bakteria hugeukia ubongo, penye viini vinavyoratibu mwendo. Ikiwa viungo vya mtoto huchezacheza kwa sababu hiyo, kwa nini isiwe pia chanzo cha kunawa mikono mpaka ngozi ipasuke, kugoma kula kwa hofu ya kupaliwa, mwandiko kuharibika na kukojoa kitandani upya, yote ndani ya siku mbili?

Wanaosita wanauliza ushahidi wa bakteria, na hapo wana haki. Watoto wengi wa umri wa shule hubeba streptokoka kooni bila kuugua, hivyo kipimo cha koo pekee hakithibitishi chanzo. ASO, kipimo cha damu cha kingamwili dhidi ya streptokoka, ikipimwa mara moja nayo hupotosha: hufika kileleni wiki 3 hadi 6 baada ya maambukizi, kisha huweza kubaki juu kwa miezi. Vinahitajika vipimo viwili vilivyopishana wiki kadhaa, ionekane kama imepanda.

Upande wa tiba, jaribio la 1999 la imunoglobulini (kingamwili za wachangiaji damu, hutiwa mshipani) na kubadilisha plazima, yaani maji ya damu, lilitia moyo, lakini lile la 2016, lenye watoto 35, halikuonyesha tofauti ya maana kati ya imunoglobulini na dawa bandia. Kwangu hiyo haitoshi kumtundikia mtoto dripu, wala kumpa antibayotiki miezi na miezi. Streptokoka ikithibitika, anywe penisilini au amoksilini siku 10 kamili, hata koo likipoa siku ya tatu. Mawazo sugu nayo yatibiwe mara moja, kwa tiba ya kitabia na ikibidi sertralini, dawa ya kupunguza mawazo sugu, kuanzia dozi ndogo. Mtoto asingoje wataalamu wakubaliane.

Kosa linaloumiza zaidi ni korea ya Sydenham kupita kwa jina la PANDAS. Mpe mtoto vidole vyako viwili avibane: mwenye korea hubana na kulegeza, kama anayekamua maziwa. Akitoa ulimi, haukai nje, unarudi wenyewe. Huyo apimwe moyo haraka kwa ekokadiografia, yaani picha ya mawimbi ya sauti, maana homa ya baridi yabisi hula vali za moyo, naye atahitaji sindano ya benzathini penisilini, ya kuzuia homa hiyo isirudi, kila wiki 3 au 4, kwa miaka.