Mto hauhitaji gari lililojaa vitu

Mfuko wangu wa kambi huupakata magotini ndani ya matatu kutoka Nairobi hadi Sagana, na hakuna kondakta aliyewahi kunidai nauli ya ziada kwa ajili yake. Ndani mna turubai, kamba ya katani, shuka mbili, sufuria ndogo, kisu, kiberiti, unga na chumvi. Nautaja mzigo huu kwa sababu wengi wa rika langu jijini wameshaamini kwamba kulala kando ya mto ni starehe ya mwenye gari, hema la bei kubwa na jokofu la kubebeka, na imani hiyo imewafungia nje watu ambao wangeupenda mto kuliko mtu yeyote.

Ufundi wa kusafiri hivi ni wa zamani, na haukuzaliwa mahali pamoja. Mwaka 1883, Mmarekani George Washington Sears, mtu mwenye umbo dogo, aliyekuwa amepita miaka 60 na kudhoofishwa na kifua kikuu, alizunguka mito na maziwa ya Adirondack, katika jimbo la New York, kwa mtumbwi ambao uzito wake haukufika kilo 5. Aliweza kuubeba mwenyewe palipokuwa na nchi kavu, jambo ambalo asingeliweza kwa mtumbwi wa kawaida. Kabla yake, wapiga makasia wa biashara ya manyoya nchini Kanada walibeba mabunda mawili kwa pamoja, kila moja likikaribia kilo 41, wakiyaning'iniza kwa ukanda wa ngozi uliopita juu ya kichwa. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka nyanya yangu wa Murang'a akipanda mlima na mzigo wa kuni mgongoni, ukanda wake wa mukwa umekaza kichwani, mikono yake ikiwa huru. Hatuna haja ya kuuona ufundi huu kuwa mambo ya wageni.

Turubai langu halina matundu ya kamba. Huweka kokoto ya mviringo kwenye pembe, nikaikunjia ndani na kuifunga shingo kwa kamba. Fundo hilo hustahimili upepo bila kulitoboa turubai. Mafiga huyatafuta mbali na maji, kwa kuwa jiwe lililolowa ndani linaweza kupasuka likipata moto mkali. Kuni ni vijiti vikavu vilivyoanguka, visivyozidi unene wa kidole gumba, navyo vinatosha kusonga ugali.

Hata hivyo, si kila desturi ya wakongwe inafaa kurithiwa. Walikata miti michanga ili wapate nguzo, wakatandika matawi mabichi yawe godoro na kuchimba mitaro kuzunguka mahema, kwa sababu waliuona msitu kuwa hauna mwisho. Mizizi ya miti ndiyo inayoishikilia kingo ya mto. Ukiifyeka leo, masika huondoka na udongo. Mimi shoka huliacha nyumbani, na badala ya kuchimba mtaro huchagua mahali penye mteremko kidogo.

Jambo ninalolisisitiza kwa kila ninayeandamana naye ni kuusoma mto kabla ya kufungua mfuko. Tazama nyasi kavu na takataka zilizonasa kwenye matawi: hapo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho, nasi tutalala juu zaidi ya hapo. Mvua ikinyesha kwenye Milima ya Aberdare, mto unaweza kufura huku chini anga likiwa na nyota tupu. Tarehe 1 Mei 2024, Mto Talek ulivunja kingo zake katika Maasai Mara na kufurika kambi kadhaa za kitalii, hata wageni wakaokolewa kwa helikopta. Palipo na viboko, usilale kwenye njia zao, maana usiku hutoka majini kwenda malishoni.

Maji ya kunywa huyachemsha mpaka yatokote vizuri. Uchemshaji huua vijidudu, lakini hauondoi kemikali za viwandani, na hili linaniuma kila ninapovuka daraja la Mto Nairobi, mto ambao jina lake kwa Kimaasai ni maji baridi, na ambao sasa hupeleka uchafu wetu hadi Mto Athi. Hakuna ufundi wa kale wala sufuria ya kuufanya unyweke. Ninaishi karibu nao kiasi cha kuufikia kwa miguu, lakini nikitaka kulala kando ya maji hulazimika kwenda stendi alfajiri na kusafiri takribani kilomita 100.