Sababu za vita: tuanzie Sabaki au tuanzie Nyeri?

Daftari la mpwa wangu wa Gredi ya 8 lina orodha ya sababu sita za vita vya Mau Mau, kila moja imepigiwa mstari wa wino mwekundu. Ya tatu inasema, kwa Kiingereza kama somo lenyewe linavyofundishwa, kwamba wakoloni walileta kipande. Nikamuuliza kipande ni nini.

"Kipande cha shamba, mjomba. Walikata mashamba vipandevipande wakagawana."

Hakusita hata kidogo, na kwa kweli nilitaka kumpa alama. Kipande chenyewe kilikuwa cheti cha kazi chenye alama za vidole na maandishi ya mwajiri, kikatiwa kwenye kijaluba cha bati, Mwafrika mwanamume akakivaa shingoni. Sheria yake ilipitishwa 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Aliyeacha kazi bila mwajiri kutia sahihi alikuwa mhalifu. Mtoto hakuambiwa haya. Aliambiwa neno tu, akalitafuta maana katika Kiswahili chake cha nyumbani. Na hapa Malindi ukisema "kipande" kando ya neno "mzungu", akili inakimbilia shamba.

Kisa hiki kinanirudisha kwenye ubishi ambao huusikia kila walimu wa huku wanapokaa pamoja: ukitaka kumfundisha mtoto wa miaka 13 kwa nini watu walichukua silaha kudai uhuru, uanzie wapi? Kuna wanaosema anza na Mau Mau, kule Nyeri kwa Wakikuyu, kwa sababu hiyo ndiyo vita ya uhuru ya Kenya, na mtihani ndio utakaouliza. Wengine wanasema anza na Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyewaongoza watu wake kuwapinga Waingereza huku kwenye mto Sabaki, maana sanamu yake iko hapa mjini na watoto wanaipita wakienda sokoni.

Wa kwanza wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Sababu za Mau Mau zimeandikwa, zina tarehe, na zinafuatana kama shanga uzini. Sheria ya ardhi ya 1902 ilifungua mlango wa nyanda za juu kwa walowezi, na ile ya 1915 ikaongeza muda wa kukodi hadi miaka 999. Wakikuyu waliokosa ardhi wakawa maskwota, yaani wakaaji wasio na hati, kwenye mashamba ya walowezi Bonde la Ufa, na miaka ya 1940 wakaanza kufukuzwa hata huko. Chama chao cha siasa, KCA (Kikuyu Central Association), kilipigwa marufuku 1940. Vijana waliopelekwa kupigana Burma walirudi 1945 na kukuta wazungu waliopigana nao bega kwa bega wakipewa mashamba, wao hawakupewa chochote cha maana. Kiapo cha siri cha kupigana kikaenea. Tarehe 7 Oktoba 1952 Chifu Waruhiu, aliyekuwa upande wa serikali, aliuawa, na tarehe 20 mwezi huohuo Gavana Evelyn Baring akatangaza hali ya hatari. Mwanafunzi akifuata mtiririko huu anaona kwa macho yake tofauti ya kuni zilizokaushwa miaka hamsini na kiberiti kilichowashwa wiki mbili. Ni vigumu kupata mfano bora kuliko huo.

Ila daftari la mpwa wangu halina mtiririko. Lina orodha. Namba 1 haimjui namba 4. Mtoto anaweza kuikariri yote na bado asijue kwa nini Waruhiu, Mkikuyu, aliuawa katika vita anavyoambiwa vilikuwa kati ya Waafrika na wazungu. Walowezi raia waliouawa katika vita vyote walikuwa 32. Waafrika walikufa kwa maelfu, na zaidi ya 1,000 walinyongwa kwa hukumu za mahakama. Kulikuwa na waliopata ardhi na vyeo chini ya wakoloni na waliokosa, kijiji kimoja, mara nyingine nyumba moja. Orodha haina pa kuliweka jambo hilo, kwa hiyo huachwa. Isitoshe, Mau Mau ilibaki kundi haramu kisheria mpaka 2003, kwa hiyo walimu wetu wengi walisoma habari zake katika nchi iliyoziimba kwa mdomo na kuzikataza kwa karatasi.

Upande wa Mekatilili una joto lake. Ukivuka daraja la Sabaki kwenda Mambrui, mto uleule unaotia bahari ya Malindi rangi ya tope kila mvua zikinyesha, umefika palipogombaniwa. Wagiriama walikuwa wamehamia ng'ambo ya kaskazini wakalima nafaka na kuiuza. Serikali iliwataka vibarua wa mashamba ya pwani, na mtu mwenye chakula chake hana haraka ya kwenda kufanya kibarua. Ndipo Arthur Champion, msaidizi wa mkuu wa wilaya, alipoletwa 1912 na kodi ya nyumba, hesabu ya vijana wa kazi na mpango wa kuwaondoa watu kaskazini mwa mto. Mekatilili na Wanje wa Mwadorikola wakawaapisha watu, wanawake kwa kiapo kiitwacho mukushekushe, wanaume kwa kiapo cha fisi. Wakakamatwa Oktoba 1913 wakapelekwa mbali magharibi mwa nchi, wakatoroka wakarudi. Agosti 1914 serikali ikailipua Kaya Fungo, kaya takatifu ya Wagiriama, kwa baruti.

Ardhi, kodi, nguvu kazi, kiapo: yote yamo, miaka karibu arubaini kabla ya Nyeri. Ndiyo maana wengine humwita mwanzilishi wa vita vya uhuru, na hapo ndipo ninapowaacha mkono. Mekatilili hakupigania Kenya. Kenya anayoijua mpwa wangu haikuwapo. Alitaka serikali iwaache Wagiriama na vijana wao, mto wao na kaya zao. Wapiganaji wa Mau Mau msituni walisema wanataka *ithaka na wiyathi*, ardhi na kujitawala, maana yake walitaka serikali yenyewe. Tofauti hiyo ndiyo somo. Ukimfanya Mekatilili kuwa Mau Mau aliyetangulia, umempoteza yeye na Mau Mau pia.

Halafu kuna kuku. Kila mtoto wa hapa anakijua kisa: Mekatilili alimletea mzungu kuku na vifaranga, akamwambia achukue kifaranga kimoja. Mama kuku akamdona. "Ndivyo utakavyofanywa ukichukua watoto wetu." Ni hadithi ya mdomo, tamu, na inaeleza sababu ya vita kuliko kurasa tatu za kitabu. Lakini mwalimu akiifundisha kama ripoti ya mkutano anakosea, na akiitupa kwa kuwa haina karatasi anakosea zaidi. Sijaona mahali pazuri pa kumwonyesha mtoto kwamba watu hukumbuka sababu kwa njia moja na serikali huziandika kwa njia nyingine.

Mpaka hapa mizani imeinamia Sabaki. Kinachonifanya nisimcheke mwalimu anayekimbilia Nyeri ni sheria ya hati za ardhi ya 1908. Ilitaka kila mwenye ardhi katika ukanda wa pwani ajitokeze na madai yake. Familia nyingi za Waarabu na Waswahili zilipata hati. Wamijikenda, yaani Wagiriama na jamaa zao wa pwani, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo, wengi hawakutambuliwa, na isiyodaiwa ikawa ya serikali. Ukanda wenyewe ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar kwa jina, umekodishwa kwa Waingereza tangu 1895, na ukabaki hivyo hadi 1963. Basi ukiuliza darasani Malindi "nani alichukua ardhi?", jibu halimwelekei mlowezi wa mbali tu. Mtoto wa mwenye hati na mtoto wa skwota wanakalia dawati moja. Mwalimu anayechagua Mau Mau anachagua adui asiye na mjukuu darasani, na umbali huo una faida yake: mtoto anaweza kupima sababu bila kumtazama jirani.

Umbali lakini ni wa huku Malindi tu. Lamu hali ni nyingine. Huko Mpeketoni, familia kutoka bara zilizokosa ardhi ziligawiwa mashamba katika miaka ya 1970, kwa hiyo kisa cha Mkikuyu asiye na shamba kimeketi hapohapo na kisa cha Mbajuni, mwenyeji wa huko, anayeuliza kwa nini yeye hakupewa. Na ng'ambo ya mji, kisiwani Manda, unaposhuka ndege leo, palikuwa na kambi ya wafungwa wa Mau Mau. Hola nako, walikouawa wafungwa 11 tarehe 3 Machi 1959, ni katika mkoa wetu wa zamani wa Pwani.

Mimi ningeanzia Sabaki, kisha nivuke kwenda Nyeri na swali moja mkononi: kwa nini 1914 watu walitaka kuachwa, na 1952 wakataka kutawala? Wiki mbili zinatosha. Wengine watasema mtihani hauna wiki mbili, na wana haki ya kusema hivyo.

Jioni ile nilimwambia mpwa wangu azikate zile sababu sita kwa makasi, azipange juu ya mkeka, aniambie ipi imeivuta ipi. Ardhi akaiweka juu, kodi chini yake, kipande chini ya kodi. Akahangaika na kiapo, akakisogeza mara tatu. Kisha akauliza, "Mjomba, na sisi hati ya hapa tunapokaa anayo nani?"

Mamangu alikuwa uani akikuna nazi. Alijibu kabla yangu.

"Andika hayo ya Mau Mau, mjukuu wangu. Chakula kinakaribia."